Mwenyekiti wa Matrekta

Trekta la Mwenyekiti halikuwahi kukwama, na jambo hilo alilitaja kila mahali kama sifa yake mwenyewe. Ni kweli halikuwahi. Halikukwama kwa sababu halikushuka mbugani, kule bondeni kwenye udongo mweusi, hata siku moja. Lilikuwa la buluu, limetandikwa kipande cha kapeti pale pa kuwekea miguu, na kiti chake kilibaki na nailoni ya dukani miaka mingi baada ya kununuliwa. Kazi yake ilikuwa kubeba jenereta na spika za mikutano. Sisi wengine, ambao matrekta yetu yalikuwa na tope lililoganda mpaka kwenye taa, alituita "wajumbe".

Hapa Shelui ukisema Mwenyekiti bila kuongeza neno, watu wanajua si wa kijiji, si wa chama, wala si wa kikoba. Ni yule wa umoja wa wenye matrekta wanaojitolea wakati wa maafa. Aliuanzisha yeye, baada ya mvua moja kuangusha nyumba za tembe huku chini ya mlima Sekenke na malori ya msaada kushindwa kuingia kwenye udongo mweusi. Wazo lilikuwa zuri, nakubali. Lori likishindwa, trekta linapita. Trekta nalo likikwama, trekta jingine linalivuta. Ndiyo maana mbugani matrekta huenda mawili mawili, na mnyororo. Hiyo ni kanuni ya zamani, haikutungwa na mtu. Mwenyekiti aliongeza za kwake, na zote zilihusu vikoti vya kung'aa na nani akae kiti kipi.

Mimi niliingia kwenye umoja na trekta aliloniachia marehemu mume wangu. Naliendesha mwenyewe, na nililima nalo mashamba ya watu wengi kabla Mwenyekiti hajajua mimi ni nani. Kikao changu cha kwanza kilikuwa Ulemo, kwenye darasa la shule. Nikamwamkia kama inavyopasa, maana ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mama." Alikuwa na tabia ya kuuacha mkono hewani mpaka uukute mwenyewe. "Karibu sana. Dereva wako yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Alicheka kwa upole, kama mtu aliyetaniwa na shemeji. "Basi trekta tumelipokea. Wewe mama utatusaidia upande wa chakula."

Nikawekwa kamati ya chakula. Sikuwahi kuinjika sufuria kwa ajili ya umoja ule hata siku moja, lakini kila taarifa aliyosoma mbele ya watu niliitwa Mama wa Chakula. Mpaka leo kuna wanaonisimamisha sokoni kuniuliza kama bado nina mgahawa.

Alipenda kusalimia umati kuliko kusalimia mtu. Ukimkuta peke yake barabarani anakuuliza "Habari?" na kupita kabla hujajibu. Mpe watu wanaojaa darasa moja, utamsikia: Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na kama wewe sijakufikia, nakusalimu kwa jina la maendeleo. Hapo alisimama, akasubiri makofi. Yasipokuja alirudia salamu kwa sauti ya juu zaidi, akisema hajasikia vizuri. Alivaa kaunda suti ya rangi ya udongo na filimbi shingoni. Filimbi ile aliipuliza kuanzisha vikao, kufunga vikao, na mara moja nilimsikia akiipuliza msibani kuwanyamazisha waliokuwa wakilia ili asome salamu za rambirambi. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake, maana yeye hakuona tatizo.

Simu alizibeba mbili. Moja ilikuwa ya kupokea, nyingine ya kupigia picha. Gunia la unga lisingeshuka kwenye tela kabla picha haijapigwa, na kama mpokeaji hakutazama kamera, gunia lilirudishwa juu, likashushwa tena. Nimeona kwa macho yangu bibi mmoja akipokea blanketi lile lile mara tatu. Mara ya tatu alikasirika, akamwambia, "Mwanangu, kama unalitaka, chukua." Mwenyekiti akacheka sana, akamsifu bibi kwa ucheshi wake. Hakuelewa kwamba ametukanwa.

Haya nayasema kwa chuki, sifichi. Lakini sitaki nionekane mwongo, kwa hiyo nitasema na mengine. Mafuta ya msaada hakuyagusa. Nilimchunguza kwa muda mrefu nikitafuta dumu lililoingia kwake kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ingenipendeza kulipata. Sikulipata. Wala hakuwahi kula kabla ya madereva. Chakula kikija alisimama pembeni, mikono nyuma, mpaka wa mwisho amenawa, ndipo anapakuliwa yaliyobaki, na kama yaliyobaki ni ukoko wa ugali alikula ukoko. Wizi haukuwa ugonjwa wake. Ugonjwa wake ulikuwa kuonekana.

Tena alikuwa na kipaji ambacho sisi wote hatukuwa nacho. Ukiwa hujui, mwenye trekta ni mtu mbaya. Msimu wa kulima anabembelezwa na kila mtu, kwa hiyo anazoea kuringa. Ukimwomba msaada wa bure anakwambia hidroliki imepasuka. Mwenyekiti aliwajua mmoja mmoja. Yule tajiri wa alizeti wa njia ya Ulemo, asiyetoa hata lifti, alimwita "Mkurugenzi" mbele ya wakwe zake, na kesho yake matrekta mawili yakaletwa yakiwa na mafuta. Mwingine aliahidiwa kwamba jina lake litatajwa kwenye spika. Alitoa trekta, tela na watoto wake wawili wa kiume. Nilimuuliza Mwenyekiti siku moja anawezaje. Akaniambia, "Mama, hawa hawaji kwa sababu ya mafuriko. Wanakuja kwa sababu ya sherehe. Ukiondoa sherehe utabaki na mafuriko."

Nilimdharau kwa jibu lile, nikalidharau zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli.

Msemo wake mwingine ulikuwa "tusiende kama wezi". Maana yake ni kwamba zoezi lolote la umoja lazima lizinduliwe. Matrekta yapangwe uwanjani, yafungwe utepe, mgeni rasmi aje kutoka mjini, ahutubie, apunge bendera, ndipo injini ziwashwe. Kuondoka kabla ya hapo ni kwenda kama wezi. Mara nyingi haikuleta madhara. Watu waliopoteza nyumba walisubiri mpaka saa za mchana, wakapata unga wao na maharage, nasi tukarudi tumechoka. Ndiyo tukazoea. Mtu akiniuliza leo ilikuwaje watu wazima, wenye akili zao na mashine zao, wakakaa uwanjani kumngoja mtu wa kupunga kitambaa, sina jibu zaidi ya hilo: tulizoea.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Mama yangu alikuwa anaishi ng'ambo ya mto, kijiji cha mbugani wanakolima mpunga. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na habari ikaja kwamba maji yamezunguka nyumba za kule, watu wamepanda kwenye vichuguu na mifugo yao. Kuingia kule ni kwa drifti tu, ile sakafu ya zege iliyolazwa chini ya mto. Maji yakiwa magotini trekta linapita. Yakifika kiunoni hakuna kinachopita kwa nguvu zake. Na kila mtu wa huku anajua kwamba mawingu yakisimama juu ya milima asubuhi, maji yanafika kwenye drifti mchana.

Asubuhi ile mawingu yalisimama juu ya milima.

Matrekta yalikuwa yamejaa uwanja wa shule hapa Shelui, mengi kuliko niliyowahi kuyaona pamoja, na hiyo ilikuwa kazi ya Mwenyekiti. Yamepangwa mstari, pua zote zinatazama jukwaa. Kila moja na utepe wake. La buluu lilikuwa mbele, na spika zinaimba. Nikamfuata.

"Mwenyekiti, mama yangu yuko kule. Tuanze. Mgeni atatukuta njiani."

"Mama, mheshimiwa ameshatoka mjini. Ananiambia yuko njiani."

"Tazama mlimani."

Alitazama. Nina hakika alitazama, kwa sababu aligeuza kichwa chote. Kisha akanishika bega. "Mama wa Chakula, nakuelewa. Lakini tusiende kama wezi."

Nikapita trekta hadi trekta nikitafuta mwenzangu wa kwenda naye. Wanaume wale walinitazama kwa huruma kabisa. Mmoja akasema betri yake bado haijajaa. Mwingine akasema akitoka kwenye mstari ataonekana ana dharau kwa mgeni. Yule tajiri wa alizeti akaniambia, "Shemeji, si muda mrefu." Ndipo nikachana utepe kwa mkono, nikawasha, nikatoka peke yangu. Nyuma yangu filimbi ililia mpaka nilipopita duka la mwisho. Kwenda mbugani na trekta moja ni wazimu, na niliujua wazimu huo kuliko waliokuwa wananipigia filimbi.

Kwenye drifti maji yalikuwa bado chini ya magoti. Nikavuka, nikaingia kwenye tope kwa gia nzito, nikafika. Mama alikuwa juu ya kichuguu na majirani zake waliokuwa wamebaki, wengi wao wanawake na watoto, amejifunika kanga kichwani. Aliponiona alianza kunigombeza kwa Kinyiramba kwa nini nimekuja peke yangu. Tukawapakia kwenye tela mpaka likajaa. Aliyebaki ni mzee jirani yake, aliyemlimia mama kijishamba chake tangu baba afariki, bila kuombwa. Alikuwa na mbuzi wake, hataki kuwaacha, na kwenye tela nafasi ya mbuzi haikuwepo.

"Wapeleke hawa kwanza," akaniambia. "Si nasikia mko matrekta mengi?"

"Mengi, baba. Yanakuja nyuma yangu."

"Basi mimi na mbuzi tutapanda linalofuata."

Mama akataka kumwachia kanga yake ajifunike. Akakataa, akasema italowa bure.

Nilikwama karibu kabisa na mto. Tairi la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli, tela likalala upande, watoto wakaanza kulia. Hapakuwa na trekta la kunivuta. Maji kwenye drifti yalikuwa yameshapanda, nikayaona yakipanda zaidi nikiwa nimekaa pale, mama yangu nyuma yangu akiomba Mungu kwa sauti. Kisha nikasikia muziki. Msafara ulikuwa unakuja ng'ambo ya pili, tepe zinapepea, spika zinaimba. Mgeni rasmi alikuwa amefika, amehutubia, amepunga bendera, amerudi mjini. Walisimama kwenye ukingo wakatazama maji. Hakuna aliyeshuka.

Mwenyekiti akashuka. Akavua viatu, akaingiza soksi ndani ya viatu kwa utaratibu, akavipanga juu ya tairi la trekta lake. Minyororo ya matrekta kadhaa ikaungwa, akaishika ncha, akaingia mtoni na kaunda suti yake. Maji yalimfika kiunoni, halafu kifuani. Aliteleza mara moja akapotea, akaibuka bila filimbi. Alipofika kwangu midomo ilikuwa imempauka, na alifunga mnyororo kwenye trekta langu vibaya, nikalazimika kuufunga upya. Ninajua watu wanasema alijua anapigwa picha. Alikuwa anapigwa kweli. Lakini nilikuwa karibu naye kuliko simu yoyote, niliiona hofu usoni mwake, na ninaamini angeingia hata kama pasingekuwa na mtu wa kumtazama. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwoga.

Wakatuvuta tukavuka. Mwenyekiti alimshusha mama yangu kwenye tela akamweka mgongoni, akapanda naye ukingo, watu wakapiga vigelegele. Mimi nikakimbilia wenye matrekta.

"Kuna mzee kabaki. Mmoja tu. Twendeni."

Waliniangalia, wakaangalia mto. Maji yalikuwa yamefunika hata vijiti vya kuonyesha drifti ilipo. Hata mimi nisingevuka.

"Kesho asubuhi na mapema," akasema Mwenyekiti, akijikamua suruali. "Kesho hatungoji mtu."

Kesho yake hatukungoja mtu. Tulivuka maji yalipopungua, tukawakuta mbuzi juu ya kichuguu, wazima wote. Mzee tulimkuta mbali kidogo, upande ambako mto ulikuwa umeelekea. Tulimzika kule kule, na Mwenyekiti akatoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa mfano wa uvumilivu.

Toka siku hiyo sikumwamkia tena. Akinipita nilikuwa natazama pembeni, na huku kwetu mtu mzima kumnyima mkubwa wake shikamoo ni kumtangaza mbele ya soko zima. Yeye aliitikia hivyo hivyo. "Marahaba mama," alisema, ingawa nilikuwa sijafungua mdomo. Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikajua anataka waliopo wasigundue. Hadithi ya mama yangu mgongoni mwake aliisimulia kila uwanja, Shelui, Ulemo, mpaka Ikungi alikoalikwa kufundisha wenzetu namna ya kuanzisha umoja kama wetu. Kwenye hadithi yake mto ulizidi kupanuka kila mwaka. Mzee na mbuzi wake hawakuwemo.

Umoja ulikufa polepole, kama vinavyokufa vitu vya namna ile. Wenye matrekta walichoka, sherehe zikapungua, na sherehe zilipopungua ikawa kama alivyosema: tulibaki na mafuriko. Yeye akazeeka, akapata ugonjwa wa miguu, akaliuza trekta la buluu. Jina la Mwenyekiti lilibaki.

Mama nilimleta kwangu. Miaka hii ya karibuni akili yake imeanza kumtoka. Ikifika jioni anahangaika, hali chakula, hapati usingizi, anakwenda mlangoni kuchungulia barabara, ananiuliza trekta linalofuata limefika wapi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba mzee alifariki zamani na yeye mwenyewe aliomboleza kwenye msiba wake. Alilia kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ilikuwa ndiyo kwanza. Siku iliyofuata akauliza tena. Nikajifunza kunyamaza, au kumwambia uji unapoa. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu.

Mwezi uliopita, jua likiwa limeanza kushuka, Mwenyekiti akabisha hodi. Alikuwa na fimbo, na kaunda suti ile ile imemlegea. Sikumwamkia. Akasema "Marahaba mama", akaingia akaketi bila kuonyeshwa kiti. Alikuwa amekuja na shughuli. Umoja unataka kufufuliwa, mgeni rasmi ameshapatikana, na anaomba mama yangu akae jukwaani kama shuhuda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfukuze, ndipo mama akatoka chumbani akishika ukuta. Alimtambua. Mimi siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake, lakini yule alimtambua.

"Ni wewe uliyenibeba."

"Ni mimi, mama."

"Na jirani yangu? Mlimfuata?"

Nilimwona Mwenyekiti akinitazama. Nilimtazama nami, sikumsaidia. Akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo ya jukwaani:

"Tulimfuata, mama. Siku ile ile."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi wote. Alipanda trekta langu."

"Alilowa?"

"Hakulowa."

Mama akaketi. Akaniambia nimletee chakula, akala ugali na mlenda mpaka akamaliza, akimsimulia Mwenyekiti jinsi yule mzee alivyokuwa mbishi. Sijui nieleze vipi nilivyomchukia mtu yule wakati ule. Nilikuwa nimemtunza mama kwa ukweli wangu wote na akawa anakonda, naye amekuja na uongo mmoja, akamshibisha.

Alipoaga sikuwa na budi kumsindikiza, ni mgeni. Tulitembea polepole kwa ajili ya miguu yake mpaka barabarani. Habari za jukwaa hakuzitaja tena. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Nzega, tukangoja yapite.

"Mama," akasema. "Yule mzee. Alikuwa anaitwa nani?"

Ndipo nikajua kwamba hakuwahi kulijua. Alimhutubia kaburini, akamwita marehemu, mfano, mwenzetu, na hakuwahi kuuliza. Aliuliza sasa akitazama chini, taratibu, wala hakuwa ameshika simu. Pengine alitaka kumwombea. Pengine alikuwa hapati usingizi kama mama. Lakini mwezi ujao kuna uwanja, kuna spika, kuna mgeni rasmi, na mimi namjua Mwenyekiti akipewa jina la maiti atalifanyia nini.

Alisimama akingoja. Nikamwambia afike salama, nikarudi kwa mama.